Mapumziko ya Mfanyakazi wa Makumbusho

Swali: Mheshimiwa Mhariri, ninafanya kazi katika makumbusho, na mwisho wa wiki, wageni wanapofurika, ndipo ninapohitajika zaidi. Je, familia niipe siku gani?

Jibu: Ndugu msomaji, makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, lakini mara nyingi siku hiyo hutumika kupangusa makabati ya vioo na kukagua nguo za kale, ambazo huwekewa mwanga hafifu wa takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kwa kuwa rangi ikishapauka hairudi. Omba alasiri moja ya katikati ya wiki, watoto wakishatoka shuleni, mwende bustanini. Usiwapeleke kazini kwako kila mara, maana macho yako yatakimbilia kipimaunyevu ukutani, nao watakuwa na mzazi asiyewasikiliza. Jioni moja, nayo, ibaki yako mwenyewe, hata kama ni ya kusoma tu.