Maswali Yenu: Tabaka za Carthage

SWALI: Mhariri, pale Hyrax Hill, eneo la mabaki ya kale hapa Nakuru, tulielezwa kwamba cha kale hukaa chini. Mbona huko Carthage, Tunisia, nyumba za Wafoinike, watu walioujenga mji huo kabla ya Warumi, ziko mteremkoni na kileleni hazipo? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kanuni hiyo ni ya kweli, ndugu msomaji, ila huvurugika watu wanapohamisha udongo. Warumi waliuteketeza mji huo mwaka 146 KK. Ulipojengwa upya enzi za Augustus, mfalme wa Roma, walikata kilele cha kilima cha Byrsa wapate uwanja tambarare, kifusi wakakimwaga pembeni. Kileleni wakafuta kila kitu. Mteremkoni kifusi hicho hicho kikazifunika nyumba na kuzihifadhi, pamoja na matangi ya maji chini ya sakafu. Leo nguzo za msingi wa Kirumi zimesimama katikati ya vyumba vya Kifoinike!

Kwa hiyo usikadirie umri kwa kina peke yake. Tafuta mpaka wa tabaka kwa rangi na ugumu wa udongo. Ukikuta shimo lililochimbwa kutoka juu, toa kwanza udongo uliolijaza na uuweke kando, kwani ukiuchanganya na wa pembeni hutaweza kuutenga tena. Kisha tazama kilicho kipya zaidi ndani ya tabaka. Vigae mia vya Kifoinike vikilala na sarafu moja ya Augustus, udongo ule ulimwagwa wakati wake au baadaye. Lakini kagua mashimo ya panya na fuko: sarafu ndogo huteremka humo kwa urahisi.