AC kubwa, sola au dari: nianze na kipi?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Tuna nyumba ya vyumba vitatu Tegeta, Dar es Salaam: bati juu, dari la jipsamu, madirisha ya alminiamu. Chumba chetu kina AC ya BTU 12,000 lakini hakipoi mpaka saa saba usiku, na uniti za Luku zinakwisha haraka mno. Fundi anasema niweke ya 18,000, shemeji anasema sola. Pesa inatosha kitu kimoja tu.

JIBU: Nzuri, dada. Vyote viwili visubiri. BTU 12,000 zinatosha chumba cha kulala cha kawaida. Kinachoishinda AC yako ni joto linaloshuka darini na hewa ya nje inayopenya ndani. Ile kubwa ingepoza haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu, mkabaki na baridi inayonata mwilini.

Utazame mpira unaodondosha maji nje ya ukuta. Hayo ni maji yaliyokuwa hewani, na kila lita moja imeigharimu AC kazi ya kupoza ya karibu kilowati-saa 0.7. Hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo kila ufa unaoiingiza unaulipia.

Siku yenye upepo, funga chumba, washa kijiti cha udi ukipitishe taratibu chini ya mlango, kwenye kingo za dirisha, kwenye tundu la mabomba ya AC ukutani na pembeni mwa taa zilizozama darini. Moshi ukiyumba, weka alama ya chaki. Silikoni, mpira wa chini ya mlango na utepe wa sponji wa dirishani havigharimu sana. Matundu ya darini yazibwe kabla ya kitu chochote kutandazwa juu yake. Baadaye hutayafikia tena. Zile taa zilizozama usizifunike, ila kama zimeandikwa kuwa zinaruhusu, kwani zinahitaji kutoa joto.

Kisha paa. Jua likizama, weka kiganja darini, kisha ukutani. Dari likiwa la moto zaidi, umempata mwizi wako. Bati huangaza joto kuelekea chini, na karatasi ya alminiamu inayong'aa huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi hiyo. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanaigandamiza kwenye bati, nayo alminiamu inapitisha joto moja kwa moja. Ifungwe chini ya papi (mbao zinazoshikilia bati), iachiwe angalau sentimita 2.5 za hewa, uso unaong'aa uangalie chini ili vumbi lisiufunike. Pesa ikibaki, tandaza nyuzi za kioo za kuzuia joto (fiberglass) juu ya dari la chumba hicho kimoja. Fundi avae barakoa na glovu.

Sebule isiyo na AC iache ipitishe upepo, na matundu ya hewa ya paa yasizibwe kamwe. Jiko la mkaa lisiingie chumba kilichozibwa hata kwa dakika chache. Gesi yake ya kaboni monoksidi inaua bila harufu.

Soma mita saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, wiki moja kabla ya kazi na wiki moja baada. Ukija kununua sola, mpe fundi namba za wiki ya pili. Huenda ukahitaji paneli chache kuliko alizokutajia shemeji.