Kampuni mbili za intaneti na bado mnakatika?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mi niko Arua, nauza intaneti kwa majirani, kuna maduka, saluni, maajenti wa mobile money na ofisi moja ya SACCO. Nilichoka kulaumiwa kila faiba ikikatika nikaongeza kampuni ya pili, hao wanaleta kwa redio, dishi liko juu ya paa. Zote nimechomeka kwenye ruta moja. Sasa faiba ikifa ruta haihami mpaka nichomoe waya mwenyewe, na ikishahama watu wanalalamika Wi-Fi ipo ila hakuna kinachofunguka. Halafu SACCO wana seva yao hapohapo ofisini, matawi yao yanaingia kwa anwani ya intaneti (IP) ya kampuni ya kwanza, tukihama tu wanapotea kabisa. Kuna jamaa ananiambia dawa ni BGP. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu wa Arua, pole na lawama. Jamaa hajakudanganya ila amekurukisha hatua, manake hizo ni shida tatu na BGP, ile lugha ambayo mitandao inatumia kuambiana anwani zipi zinafikika kupitia wapi, inagusa moja tu.

Kwanza hiyo ya kuchomoa waya. Ruta yako inaangalia kama kile kiboksi cha faiba ukutani kiko hai, na kiko hai kweli, taa inawaka, waya umekatwa huko mbali na grideri ya barabara na ruta haina habari. Iambie ipingi (itume kaujumbe kafupi na kusubiri jibu) vitu vilivyo nje kabisa, mfano seva za 8.8.8.8 na 1.1.1.1, na kila pingi ilazimishwe kupita kwa laini inayopimwa, la sivyo itapita kwa redio halafu ruta ikuambie faiba ni nzima. Weka viwili, visipojibu vyote kwa muda kidogo ndo ihame, usiweke ihame kwa pingi moja iliyopotea, utakuwa unaruka kutoka laini hii kwenda ile siku nzima na kila ukiruka aliyekuwa kwenye mtandao wa benki anatolewa nje aingie upya, kwa sababu anwani yake imebadilika ghafla.

Ya pili, Wi-Fi ipo na hakuna kinachofunguka: hapo naotea ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Umeachia ruta itumie DNS ya kampuni ya faiba, na kampuni nyingi seva zao za DNS zinajibu wateja wao tu, ukija na anwani ya kampuni nyingine wanakunyamazia. Weka DNS za wazi zisizobagua laini. Ni kazi ya dakika chache, na nashangaa mafundi wengi wanaiacha.

Sasa SACCO, hapo ndo penye maneno. Anwani wanayoitumia si yako wala yao, ni ya kampuni ya faiba. Ukijaribu kutoa pakiti zenye anwani hiyo kupitia redio, kampuni ya redio ikiwa makini itazitupa, ni kama kupanda basi la kampuni hii na tiketi ya ile. Ili anwani moja ifikike kwa njia zote mbili lazima iwe yako mwenyewe: unaomba AFRINIC, wagawaji wa anwani za intaneti Afrika, wakupe namba ya mtandao, ile ASN, pamoja na fungu la anwani, na fungu hilo lisipungue /24, yaani anwani 256, kwa sababu dogo kuliko hapo mitandao mingi duniani haipokei. Tangu Januari 2020 anwani za mtindo wa zamani, IPv4, AFRINIC wanazitoa kwa kubana, kuanzia /24 mpaka /22 (anwani 1,024) basi. Halafu kampuni zote mbili zikubali kuongea BGP na wewe, na kwa kifurushi cha bei ya saluni hawakubali ng'o.

Ukifika huko ujue unaweza kuchagua trafiki itokee wapi, lakini inayoingia unaombaomba tu, unarefusha njia upande mmoja ili dunia ipendelee mwingine. Na usije ukatangaza kwa kampuni ya pili njia ulizopewa na ya kwanza, tangaza zako tu, la sivyo trafiki ya watu wakubwa itaanza kupita kwa karuta kako hapo Arua. Ruta ndogo pia usiibebeshe njia zote za dunia, ni kama milioni moja, omba wakupe default peke yake, yaani njia moja ya jumla ya kwenda kokote.

Kwa SACCO moja mi nisingeenda huko. Hamisha seva Kampala kwenye data senta, ama kodisha kaseva huko na ofisi iunganishwe nayo kwa VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, juu ya laini zote mbili. Matawi yanaongea na anwani ya Kampala isiyobadilika, huku Arua hata ukihama VPN inajishika tena yenyewe.

Kitu ambacho hukuuliza: hizo kampuni mbili zinapita wapi? Mnara wa redio unaweza kuwa unalishwa na faiba ileile inayovuka Nile pale Pakwach, hapo umelipa mara mbili kwa waya mmoja. Waulize, tena wajibu kwa maandishi. Na ukivuka Kampala, Uganda haina bahari, tunatokea Mombasa kupitia Kenya ama Dar es Salaam kupitia Mutukula. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini kwa pamoja, wengi wenye kampuni mbili wakalala nazo zote. Na kama huna leseni ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, ya kuuza huduma, shughulikia hilo kabla ya ruta.

SWALI: Nina laini mbili za Mbps 20 hapa Mbarara. Nikiziunganisha kwenye ruta napata 40?

JIBU: Wewe peke yako ukidaunlodi faili moja, hapana, ni 20 ileile, kwa sababu koneksheni moja inapita laini moja. Mkiwa wengi ofisini ruta inawagawanya, huyu huku yule kule, hapo jumla inakaribia 40. Anayekuuzia kiboksi cha "kujumlisha spidi" muulize upande wa pili wa kujumlisha uko wapi, lazima kuwe na seva mahali fulani inayozipokea laini zote mbili, na hiyo nayo inalipiwa kila mwezi.