Kwa binti wa Mwatate anayetaka kuingia kwenye ambulensi

Wiki jana nilipata ujumbe kutoka kwa binti wa Mwatate. Amemaliza kidato cha nne, anataka kusomea huduma ya dharura, ile ya kumhudumia mgonjwa barabarani au nyumbani kabla hajafikishwa hospitali. Mamake anamwambia hiyo ni kazi ya wanaume, ya kubeba watu wazito na kushika damu usiku, na kama anapenda wagonjwa basi akasomee uuguzi. Akaniuliza: dada, mwili wangu mdogo utaweza? Kazi ipo? Na nijifunze nini kwanza? Nilianza kumjibu kwa simu, jibu likarefuka, nikaona heri niliandike hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

La mwili nalimaliza haraka. Hakuna anayembeba mgonjwa peke yake. Kumgeuza mtu aliyeumia mgongo na kumlaza kwenye ubao kunataka watu wanne wakipatikana: mmoja ameshika kichwa, na huyo ndiye mwenye amri, wengine wako begani, nyongani na miguuni, nao wanageuza kwa hesabu yake. Mimi ni mfupi, na hapo kichwani nimekaa miaka yote hii, wanaume wenye vifua wakisubiri niseme tatu. Mahali panapochosha kweli ni kwenye kubonyeza kifua moyo uliposimama: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na kifua kiachwe kirudi juu kabisa kila mara. Ndiyo maana kila baada ya dakika 2 mnapokezana, kwa sababu mikono ya yeyote hulegea mwenyewe asijue. Nyoosha viwiko, inama kwa uzito wa mwili, na ufanye mazoezi mpaka magoti yazoee sakafu.

Nilikulia Likoni. Kwetu wazee hawaisahau Aprili 29, 1994, feri ilipozama Mtongwe na watu 272 wakafa. Hospitali kuu iko ng'ambo ya maji, na mtoto wa Likoni anajua mapema kwamba mgonjwa huweza kuzidiwa akiwa kwenye foleni ya feri. Nilipotangaza nyumbani kwamba nataka kuwa kwenye gari lenye king'ora badala ya kukaa wodini, hakuna aliyenielewa. Shangazi aliuliza kama nimekosa mume. Nikaenda hivyo hivyo.

Sitakuchosha na anatomia na mitihani ya maandishi, hayo utayakuta. Ninachotaka ukibebe kutoka hapa ni utaratibu wa kumkagua mgonjwa. Kwanza damu inayomwagika kwa nguvu, maana hiyo inaua kabla ya yote. Kisha njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu, kisha unamfunua uone mwili mzima na kumfunika tena asipate baridi. Huruki hatua. Ukikuta tatizo kwenye njia ya hewa hulipiti kwenda kutazama mguu uliovunjika, hata kama mguu ndio unaotisha na watu wote wanakupigia kelele kuhusu mguu.

Nitakupa mfano. Usiku mmoja tuliitwa barabara kuu ya Mombasa, karibu na Maungu. Bodaboda na lori. Kijana wa bodaboda alikuwa hana helmeti kichwani. Helmeti yenyewe ilikuwa imening'inia kwenye usukani wa pikipiki. Watu walikuwa wamemwinua nusu, mmoja anajaribu kumnywesha maji, mwingine anamvuta mguu wa kulia unyooke. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, na paja likivunjika damu hata ya lita moja na nusu inaweza kujikusanya ndani pasipo tone kuonekana nje. Lakini sikuanza na paja. Nilisikia anakoroma. Mtu aliyeumia kichwa akikoroma hajalala. Ulimi umeanguka nyuma na unaziba hewa.

Nikawaomba wamlaze taratibu, nikapiga magoti kwenye lami nyuma ya kichwa chake, nikatia vidole vyangu nyuma ya kona za taya, pande zote mbili chini ya masikio, nikasukuma taya mbele bila kuikunja shingo. Kukoroma kukakatika. Ikaingia pumzi ndefu, kisha nyingine. Mwenzangu akafyonza damu kinywani na kumvisha barakoa ya oksijeni. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa kimeanza na asilimia 82, kikapanda hadi 95. Kwa mwenye jeraha la kichwa, oksijeni ikibaki chini ya 90 hata kwa muda mfupi ubongo unaumia mara ya pili, kwa hiyo vidole viwili vitatu nyuma ya taya vilikuwa dawa kubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo garini. Tukamfunga kola ya shingo, tukalifunga paja vibao, tukaondoka. Njiani nikammulika macho: mboni ya kushoto ilikuwa imetanuka kuliko ya kulia. Kipimo cha fahamu kilikuwa 7 kati ya 15, na 15 ndiyo ya mtu aliye macho kabisa. Hiyo maana yake damu inaweza kuwa inaukandamiza ubongo na kila dakika ina bei.

Hospitali tuliyofika siitaji. Daktari wa zamu hakuniangalia. Nilipoanza kueleza akaonyesha kona kwa kidole: "Mwekeni pale." Nikasema tena kuhusu mboni. Akamgeukia muuguzi aliyekuwa ndiyo kwanza anavaa glavu, akamwuliza huyu kaletwa na nani. Akajibiwa, "Hawa wabebaji wa ambulensi." Yule kijana alikaa pale konani mpaka mtu mwingine akaja kummulika upya na kukuta kitu kilekile nilichokwisha kukisema. Hapo ndipo mbio zikaanza.

Miaka imepita na neno lile bado linaniuma. Nimesoma, nimefanya mitihani ya vitendo mbele ya wakufunzi watatu wenye kalamu nyekundu, nimezalisha akina mama kwenye gari linalotikisika, na mtu ananiita mbebaji huku mgonjwa wangu anazidi kuharibika.

Basi nikaamua hakuna daktari atakayenikatiza tena. Nikaufanya ule muda wa kukabidhi mgonjwa kuwa somo langu. Kila tulipokuwa tunaosha machela nilimkabidhi dereva wetu wagonjwa wa kubuni, naye ananisikiliza na kuniambia niliporefusha. Utaratibu ni huu: umri, saa, ajali ilivyotokea, majeraha, dalili, na tulichofanya. Kwa yule kijana ingekuwa: "Mwanaume wa miaka 25 hivi. Saa mbili na nusu usiku. Bodaboda kugongana na lori, hakuvaa helmeti. Kichwa kimeumia, paja la kulia limevunjika. Fahamu 7 kati ya 15, mboni ya kushoto imetanuka, oksijeni 95, presha 130 kwa 80. Tumefungua njia ya hewa, tumempa oksijeni, ana kola, paja limefungwa." Haifiki hata nusu dakika. Unasimama miguuni pa mgonjwa, unasema kwa sauti kabla hajahamishwa kutoka kwenye machela yako, husomi karatasi, huombi radhi. Siku hizi nikiingia kwenye kasualti ileile, nimesikia daktari akiwaambia wenzake, "Nyamazeni, mwacheni aseme." Najivunia hilo kuliko cheti changu.

Kwa hiyo ukiuliza ujifunze nini kwanza, jibu langu ni hilo: kufungua njia ya hewa kwa mikono mitupu na kukabidhi mgonjwa kwa maneno machache. Naona wanafunzi wanaotamani kuingiza mirija ya hewa kooni wakati hawajui kushika barakoa isivuje. Mfuko wa kupumulia una siri yake: watu wawili, mmoja anashika barakoa kwa mikono yote miwili, mwingine anakamua taratibu, kifua kikianza kuinuka anaacha. Ukikamua kwa pupa hewa inaingia tumboni na mgonjwa anatapika. Fanya kwenye sanamu mpaka umchoshe mkufunzi. Fanya tena. Omba pia upelekwe leba wakati wa mazoezi ya hospitali, hata kama ratiba imekupangia siku chache huko, kwa sababu mtoto hasubiri feri ivuke. Mkaushe, mlaze kifuani kwa mamake ngozi kwa ngozi, mfunike kichwa, na shika tumbo la mama uhakikishe hakuna pacha kabla hujafikiria sindano ya kuzuia damu.

Tena ijue historia ya kazi yako, maana itakushika siku ukidharauliwa. Mwaka 1967 huko Pittsburgh, Marekani, wakati katika miji mingi wagonjwa walikuwa wanabebwa na magari ya polisi au ya wazishi wa maiti, vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiambiwa hawaajiriki, walifundishwa na kuanzisha Freedom House. Daktari Peter Safar, mmoja wa walioanzisha mbinu za kuokoa moyo na pumzi tunazozitumia, ndiye aliyewapangia mafunzo. Alikuwa amempoteza bintiye mwaka 1966 kwa pumu. Daktari Nancy Caroline akaja baadaye kuwaongoza. Wakawa miongoni mwa paramediki, yaani wahudumu wa dharura waliosomea, wa kwanza nchini mwao. Mwaka 1975 mji ukaichukua huduma na Freedom House ikafungwa, wengi wao wakasukumwa pembeni. Lakini mafunzo yao yakawa kielelezo. Nao walidharauliwa.

Na kwetu: Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi, majeruhi wengi walikimbizwa kwa matatu, pikapu na magari ya watu. Wananchi walifanya walichoweza, na Mungu awalipe. Nchi haiwezi kuendelea kutegemea hilo. Ndiyo sababu nakuhimiza uje.

Kazi ipo? Ipo, lakini haikungoji mlangoni. Wapo Msalaba Mwekundu, St John, kampuni binafsi, AMREF Flying Doctors pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kaunti, ambazo nyingine bado zinatuma gari na dereva pamoja na muuguzi aliyetolewa wodini. Jitolee kwenye mechi, mbio na sherehe, ujulikane. Kariri Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43(2), kinachokataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Utakihitaji usiku ambao mlinzi atauliza amana kwanza kabla ya kufungua geti. Mimi nimekisema getini kwa sauti ya juu, na geti likafunguliwa.

Kuhusu mamako, usibishane naye. Mpeleke kituo chochote cha ambulensi mchana, aombe kuonyeshwa gari ndani, azungumze na wanawake walio zamu. Wangu alibadilika siku jirani yetu alipozidiwa na sukari na akaniona ninavyomshughulikia sebuleni.

Halafu kabla hamjalipa karo, nendeni chuoni wote wawili mkaulize: mwanafunzi anakaa saa ngapi kwenye ambulensi halisi na ngapi kasualti? Sanamu moja inashirikiwa na wanafunzi wangapi? Waliomaliza mwaka jana wanafanya kazi wapi, na unaweza kupewa namba ya mmoja wao? Wakianza kuzungukazunguka, rudini na pesa zenu mkatafute chuo kingine.