Futeni, mmefanana! Kucheza Just One kwa Kiswahili

Kama Jumapili nyumbani kwenu imebaki kuwa kila mtu na simu yake, jaribuni Just One. Ni mchezo wa kadi wa Ludovic Roudy na Bruno Sautter, uliopata tuzo ya Spiel des Jahres (Mchezo wa Mwaka) ya Ujerumani mwaka 2019. Kilichonivutia ni kwamba hauna timu mbili: mnashinda wote au mnashindwa wote. Kwa ukoo wetu, ambao karata tu zinatosha watu kununiana, hiyo ni nafuu kubwa.

Mmoja anakisia. Anaishika kadi bila kuitazama, wenzake wakaiona, kisha anataja namba kati ya 1 na 5 kuchagua neno mojawapo la kadi hiyo. Kila mwenzake anaandika dokezo la neno moja, kimyakimya. Halafu anayekisia anafumba macho, madokezo yanalinganishwa, na yaliyofanana yanafutwa yote; atakisia kwa yaliyobaki tu. Hapo ndipo kelele huanza.

Tulipopata neno Kariakoo, watatu waliandika "soko". Futa. Wawili "jumla". Futa. Likabaki "Msimbazi" peke yake, mtaa wa Kariakoo yalipo makao ya klabu ya Simba, na shemeji, shabiki wa kutupwa, akajibu bila hata kupumua: "Simba!" Nyumba nzima ikapiga yowe.

Kadi za dukani za Kiingereza zina maneno yasiyomwambia bibi yangu kitu, kwa hiyo tengenezeni zenu. Karatasi ya manila, mkasi na markapeni vinatosha. Kateni kadi 13, kila moja maneno matano. Chagueni maneno yanayofikika kwa njia nyingi. Kigamboni ina kivuko, daraja, ufukwe, viwanja. Kijiko kina sukari na uma, basi. Kila mgeni aandike kadi yake kwa siri, na ikiangukia zamu yake ya kukisia, irudishwe chini ya fungu.

Ugomvi wetu mkubwa uko kwenye shina la neno. Sheria inasema maneno ya familia moja ni sawa, na kwa Kiswahili familia ni kubwa: mpishi, mapishi, kupika, yote nje. Umoja na wingi vilevile. Kulitafsiri neno kwa Kiingereza nako hakukubaliki. Uamuzi mpeni kijana wa kidato cha tatu au cha nne, ambaye mnyambuliko bado uko kichwani. Wazee wana busara, ila kwenye mchezo wanajipendelea.

"Shangazi, neno moja tu."
"Si moja hilo? Nimeliunganisha: sokolasamaki."

Ushauri ninaousisitiza kuliko wote: mwandikie mtu aliyeko mbele yako. Wengi huhangaika kutafuta dokezo la ajabu ili lisifanane na la mwingine, wakamsahau anayekisia. Neno likiwa mwendokasi, vijana watajazana kwenye "basi" na "kadi". Kwetu babu aliandika "Ikarus", yale mabasi marefu ya zamani ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam. Watoto wakamkodolea macho. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa anakisia, akalipata papo hapo. Dokezo hilohilo kwa mdogo wangu lingekuwa kelele tupu. Ndiyo maana napenda meza iliyochanganya umri. Wenzi wa rika moja huandika kitu kimoja na karatasi zote huishia kufutwa.

Mchezo ni wa watu 3 hadi 7. Sisi tukizidi, na huwa tunazidi, wawili wanashirikiana karatasi moja. Watanong'onezana kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, vumilieni tu. Mkikosea, mnapoteza kadi hiyo na inayofuata. Kukataa kujibu kunagharimu kadi moja, kwa hiyo mfundisheni shemeji yenu neno "napita".

Chezeni kabla ya chakula. Pilau ikishashuka hakuna atakayeshika kalamu. Umeme ukikatika, tochi ya simu moja inatosha.

Kwa kuanzia, andikeni haya: Feri, bajaji, mafuriko, kitchen party, madafu, kodi, Coco Beach, konda, luku, vitumbua. "Luku", yaani umeme wa kulipia kabla, iwekeni mwisho wa mwezi, muone madokezo yatakavyokuwa na uchungu.