Paka mgonjwa amechafua mkeka wa kuswalia: tohara yake na afya ya mama mjamzito

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Tuko Ujiji, Kigoma. Paka wetu anaharisha na kutapika siku ya pili sasa, na amechafua mkeka ninaoswalia. Anayesafisha ni mke wangu, mjamzito wa miezi minne. Nilimwaga jiki juu ya uchafu. Je, mkeka umetoharika? Anayeshika uchafu huo udhu wake umetenguka? Na adhuhuri niliswali hapo kabla sijaliona doa.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Kwanza, kazi hiyo ihamie kwako leo hii, sababu inakuja.

Paka mwenyewe si najisi. Katika hadithi ya Abu Qatada, Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Lakini mavi, mkojo na matapishi yake ni najisi kwa madhehebu ya Shafi, awe mzima au mgonjwa. Ni najisi ya kati, yaani ya kuoshwa kwa maji mpaka iondoke. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni kwa mbwa na nguruwe, usijitwishe.

Jiki huua vijidudu, haitoharishi. Kinachotoharisha ni maji yaliyobaki katika asili yake. Tena ukiimwaga juu ya uchafu wenyewe, uchafu huimaliza nguvu kabla haijafika kwenye vijidudu, na ikikutana na mkojo hutoa hewa kali inayochoma kifua.

Fungua madirisha, vaa glavu za mpira. Zoa uchafu kwa kipande cha boksi, utupe chooni au uufukie mbali na kisima. Usiufagie ukiwa mkavu, vumbi lake litaingia puani. Sugua kwa sabuni, kisha mimina maji safi mpaka rangi na harufu viondoke. Mimina, usitumbukize: mkeka wenye najisi ukizamishwa kwenye beseni, maji yale machache yote hunajisika, na mkeka hautoki na tohara. Ukisugua kwa bidii ikabaki rangi peke yake, au harufu peke yake, imesamehewa. Vikibaki vyote viwili, rudia.

Hapo tohara imetimia, ndipo jiki ipate nafasi yake: kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vikombe tisa vya maji, ichanganywe siku hiyo hiyo, ikae sakafuni dakika 10, kisha suuza. Mkeka wa ukindu utapauka kwa jiki. Huo uanike juani mpaka ukauke kabisa.

Na tafadhali usiupeleke ziwani. Kifiqhi maji ya Tanganyika ni mengi, hayanajisiki kwa uchafu kidogo usioyabadilisha. Lakini pale watu wanachota maji ya kunywa, na Mtume ametukataza kujisaidia kwenye njia za maji. Chota, ukaoshee mbali na ukingo.

Udhu haukutenguka. Aliyeshika najisi huosha mkono tu, ila mkono huo uwe mkavu au umeloa, usiguse chakula kabla ya sabuni. Kuhusu adhuhuri: ukiwa na yakini kwamba uchafu ulikuwepo wakati unaswali, na mwili au nguo yako iliugusa, irudie. Ukiwa pembeni usikogusa, au ikiwezekana kuwa paka alichafua baadaye, swala yako ni sahihi.

Sasa mama. Mavi ya paka huweza kubeba kimelea cha toksoplazma, na mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza huweza kumdhuru mtoto tumboni. Mavi mabichi bado hayaambukizi. Kimelea huhitaji siku moja hadi tano kukomaa, ndiyo maana uchafu uzolewe kila siku, usilale. Jiki haikiui. Maji yanayochemka hukiua, basi yamwage kwenye sakafu ya saruji baada ya kuzoa. Kwa kuwa tayari ameshika, amweleze mkunga kliniki.

Paka msimtupe nje. Yule mwanamke wa hadithi aliadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala maji. Mtengeeni kona yake, maji yake, na mumwite daktari wa mifugo. Akianza kutoa udenda, kupepesuka au kurukia watu, asiguswe na mtu, huenda ni kichaa cha mbwa. Akimng'ata au kumparura mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Wallahu aalam.