Mkataba kwanza, aproni baadaye

Wenye migahawa na maduka ninaowaandalia karatasi za ajira hapa Dar wana imani moja iliyokomaa: mfanyakazi asiye na mkataba wa maandishi akienda kulalamika hana pa kushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiko upande wao. Kwa kifungu cha 15, shauri likifunguliwa na mwajiri akakosa maandishi ya kuonyesha, yeye ndiye wa kuthibitisha yale wanayobishania. Mpishi akidai CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwamba mlipatana mshahara wa laki sita, wewe ukasema laki nne, leta ushahidi. Ndiyo maana nasema karatasi ile inamlinda bosi kwanza.

Kinachotakiwa si kingi: jina, umri, jinsia na anwani ya kudumu ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa za kazi, kisha mshahara, unavyokokotolewa na marupurupu yake. Mikataba ya kuokota mtandaoni hujaza kurasa kwa siri za kampuni halafu ikaruka saa za kazi.

Mgahawa mmoja ulinipa faili la mhudumu mpya: mkataba wa Kiingereza, kurasa saba, kila ukurasa una saini yake. Nikamuuliza binti zamu yake inaisha saa ngapi. "Bosi akifunga," akanijibu. Saa za kawaida zina ukomo, 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, na ovataimu inalipwa. Tena sheria inamtaka mwajiri ahakikishe asiyeelewa maandishi ameelezwa kwa namna anayoielewa. Mimi naandika kwa Kiswahili, tunasoma wote kwa sauti, tunasaini nakala mbili, anaondoka na yake. Haya yote kabla hajavaa aproni.

"Lakini bado yuko kwenye majaribio." Sawa, ila majaribio hayaahirishi NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, wala PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Mwandikishe tangu mwanzo. Michango ya NSSF kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na makato ya mfanyakazi hayaruhusiwi kuzidi 10. Ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, inatoka mfukoni mwako. Ukiikata kwenye mshahara wake umevunja sheria, hata kama ni hela ndogo.

Kuna pia tangazo la haki za wafanyakazi, kifungu cha 16, linalotakiwa kubandikwa mahali pa wazi. Nimewahi kulikuta nyuma ya friji ya soda. Libandike juu ya daftari la mahudhurio, maana pale kila mtu anasimama kila asubuhi, apende asipende.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni nakala za vitambulisho vya NIDA. Meneja anazipiga picha, anazirusha kwenye grupu la WhatsApp la kazini ili "mhasibu azione", na watu wote wanaziona. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo mtumie mhasibu peke yake, kisha futa kwenye simu. Nakala ya karatasi ikae kwenye kabati lenye ufunguo pamoja na mkataba. Na mtu akiacha kazi usichome faili lake: maelezo yale ya ajira unatakiwa uyatunze miaka 5 tangu ajira ilipokoma.